Naomba ushauri: Mama anatoka Dodoma kwenda Toronto, saa 14 angani ataziweza?

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa mnaostahili.

Mama yangu ana miaka 68, ana presha, na miguu humvimba akikaa muda mrefu. Mdogo wangu amejifungua Toronto, Kanada, na mama hana usingizi, anataka kumshika mjukuu wake.

Dodoma hadi Dar tutashuka na SGR, hapo sina wasiwasi. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 4,000, karibu saa 6, nayo ataimudu. Kinachoninyima raha ni kipande cha pili: Dubai hadi Toronto ni kilomita 11,000 hivi, yapata saa 14 bila kutua! Tena kwenda ndiyo kugumu zaidi, kwa sababu ndege inapambana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi. Kurudi huwa nafuu kidogo.

Halafu kuna vidonge vya presha. Anameza saa 2 asubuhi kila siku, na Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Afuate saa ya wapi? Daktari wake nitamuuliza, ila nataka kusikia na waliosafiri na wazazi.

Je, alale Dubai usiku mmoja au aunganishe siku hiyohiyo? Kiti cha magurudumu kinaombwa wakati wa kukata tiketi au tukifika uwanjani? Mama anaongea Kigogo na Kiswahili tu, na atakuwa peke yake.