Tupeane uzoefu: klabu za picha za mtaani na mashindano yake, yamekukuta yapi?

Wakuu, habari za jioni.

Niko kwenye klabu ndogo ya wapiga picha wa ridhaa hapa Dar. Tukijaa tunafika 14, mvua ikinyesha tunabaki sita. Hakuna anayekula kwa kamera. Yupo mwalimu, yupo dereva wa bajaji, wapo na wahasibu wawili ambao mpaka leo wanasalimiana kwa shida kwa sababu mmoja ana Canon na mwenzake Nikon. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana chumba cha nyuma cha steshenari moja Sinza. Mada inatajwa mwezi mmoja kabla, kila mtu analeta picha mbili zilizochapishwa kwenye A4. Jina haliandikwi, nyuma unaweka namba kwa penseli, maana kalamu ya wino inatokeza upande wa pili.

Naanza na yangu.

Mada ilikuwa "Kazi ya mikono". Saa 12:30 asubuhi nikawa soko la samaki Feri, upande wa wakaangaji. Aliyefika pale anajua: makarai mapana kama beseni la kuogeshea mtoto, kuni, mafuta yanayochemka, moshi wa kukutoa machozi kabla hujatoa kamera kwenye begi. Nikamwomba ruhusa mama mmoja. Akasema, "Piga, ila usinizibie wateja." Nikapiga kama picha 200. Niliyoichagua ilikuwa na kila kitu: mama, karai, moshi, wateja wanne, ndoo ya bluu, paka, na huko nyuma boti. Nilijiona nimelihamisha soko zima kulipeleka Sinza.

Mwamuzi wetu ni mzee aliyeendesha studio miaka mingi, zile za pasipoti saizi na pazia lenye maporomoko ya maji. Si mtu wa maneno. Aliilaza picha yangu mezani, akatoa mfukoni vipande viwili vya manila vilivyokatwa umbo la L, akavipanga juu yake kama fremu, akaanza kuvisogeza ndani taratibu. Paka akaondoka. Boti likaondoka. Ndoo na wateja wakafuata. Kisha uso wa mama nao ukaondoka, na sikuweza kubisha, kwa sababu ulikuwa umetoka mweusi tii, jicho huoni. Mwisho kikabaki kipande kidogo kama bahasha: mkono umeshika kijiko kirefu cha matundu, kovu la mafuta juu ya kidole gumba, samaki mmoja anageuzwa. Mzee akasema, "Picha yako hii hapa. Hizo nyingine umezibeba bure."

Nikawa wa tisa.

Nilinuna wiki nzima, halafu nikarudi Feri. Yaliyonikuta nitayamalizia chini. Leteni yenu kwanza.

Mzee wa Negativu:
Vijana, mnisalimie kwanza.

Mleta mada, huo uso mweusi haukuletwa na shetani. Kamera haijui mtu, inajua mwanga tu. Ikiona moshi mweupe umejaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inabana, na anayeumia ni mwenye ngozi kama yetu. Siku ya Idd ndiyo balaa kabisa, kanzu nyeupe watu 20 wamejipanga. Kile kitufe cha kujumlisha na kutoa hakikuwekwa kwa urembo. Peleka kwenye +1, kanzu ikipoteza mikunjo kidogo sawa, sura za watu zibaki. Sisi filamu ilikuwa na picha 36, ukikosea unajua wiki ijayo picha zikishasafishwa, na hela ya kusafisha imeshaliwa.

Na msidhani klabu na studio ni mambo madogo. Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari, amekulia hapa hapa Dar, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia hapa mwaka 1963, kabla ya hizo picha za njaa ya Ethiopia za 1984 mnazozijua wote.

Mleta mada:
Shikamoo mzee. Samahani, nilijua humu tuko rika moja.

Mzee wa Negativu:
Marahaba.

Mvita Mjini:
Mie niko Mombasa. Klabu yetu mada ilikuwa "Mlango". Basi wote tukamiminika Mji wa Kale, si kuna milango ile ya kuchongwa, ina maua na misumari ya shaba. Jua la saa nne, kila mtu akajiona yeye ndiye aliyeugundua ule mtaa. Kwenye kikao zikaletwa picha 18, na wallahi 11 zilikuwa za mlango mmoja! Mwamuzi akazipanga sakafuni safu moja, akatuuliza, "Mwenye nyumba anawadai shilingi ngapi?"

Aliyeshinda hakukanyaga Mji wa Kale. Alisimama steji ya Buxton akampiga makanga ananing'inia mlangoni mwa matatu, noti amezikunja kwa urefu akazipachika baina ya vidole, mdomo wazi, waona kabisa anaita abiria. Nao pia ni mlango. Mie wangu ulikuwa wa pili kutoka kushoto pale sakafuni.

Kadi Imejaa:
Yangu fupi. Mashindano ya mwisho wa mwaka, picha zinachapishwa A3. Nikamtumia mchapishaji kwa WhatsApp, kawaida tu kama unavyotuma picha ya harusi. Ilipotoka ilikuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Ikabanwa mpaka pikseli 1600 upande mrefu, wakati A3 safi ya 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) inataka karibu 5000. Tuma kama dokumenti, si kama picha. Elfu ishirini yangu imeishia hapo.

Ngalawa Mbili:
Hahaha, sisi tulipoteza zaidi ya elfu ishirini. Tulikodi Coaster kwenda Bagamoyo, watu 17, kila mmoja na begi lake, kupiga ngalawa zinarudi na samaki asubuhi. Tulitoka Mwenge saa mbili asubuhi. Karanga, kahawa, tripodi, hamna aliyelala. Tunafika, saa nne asubuhi, bahari haipo.

Sitanii. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa hadi mbali huko, ngalawa zimelala ubavu kwenye matope kama mbuzi walioshiba. Mvuvi mmoja alikuwa anashona wavu, akatutazama na mikamera yetu akasema, "Mmekuja kuipiga picha bahari, mliiuliza kama ipo?"

Tangu siku hiyo katibu haruhusiwi kupanga safari ya pwani kabla ya kuangalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Bibi yangu alikuwa anajua hilo bila shule, mimi nina digrii nikalipa nauli kwenda kuangalia matope. Lakini mshindi wa mwezi ule alitoka safari ile ile: alimpiga yule mvuvi, wavu na mguu alioubania kamba kwenye kidole gumba.

Fundi Lenzi:
Mnasimulia sana ila hamsemi vifaa. Mkono wa Feri ulipigwa na nini?

Mleta mada:
Canon ya mtumba na lenzi ya 50mm ya f/1.8, ile ya bei ya chini kabisa. Na kabla hujauliza, ndiyo, ina ukungu kidogo ndani.

Bi Hina:
Mimi natumia simu. Nilipoingia klabuni (Unguja), kaka zetu walibishana kikao kizima kama simu ni kamera. Nikawaacha wabishane. Mada ya pili nikashinda, mabishano yakahamia kwenye kanuni.

Ninachotaka kusimulia ni kingine. Mada ilikuwa "Furaha". Nikaalikwa kwenye shughuli ya kumfunda bi harusi, mambo ya wanawake watupu. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu alinyanyuka kucheza, khanga kaifunga kiunoni, kacheka mpaka meno mawili yaliyobaki yakaonekana, na mwanga wa dirishani ukamkuta usoni hasa. Nilibonyeza mara moja tu. Nilipoitazama mikono ilinitetemeka.

Nikamuonyesha. Akacheka tena, akaishika simu, akaitazama sana. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hii nzuri. Lakini humu ndani nilicheka na wenzangu, sikucheka na wanaume wa klabu yako." Sikuipeleka. Nilipeleka picha ya watoto wanaogelea Forodhani, kama walivyopeleka wengine watano, nikawa wa nne. Ile ya bibi nilimchapishia yeye moja, na kwenye simu nimeifuta. Mnaosema picha haifutwi, mimi nimefuta iliyo bora kuliko zenu zote.

Tripodi ya Mbao:
Bi Hina, heshima yako.

Yangu ni hasira. Kampuni moja, siitaji, ilitangaza shindano la picha za utalii, zawadi kamera. Klabu yetu ikapeleka picha kama 40. Aliyeshinda hatujamjua mpaka leo. Mwaka uliofuata naingia ofisi ya watu naiona twiga wangu ukutani, kalenda, mwezi wa nane, jina langu hakuna. Kufuatilia, naambiwa kwenye vigezo na masharti, kile kipengele cha maandishi madogo, niliwapa picha zote zilizoingia, si za washindi tu. Na kweli nilitia tiki.

Wakili Mchwara:
Mkuu pole. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mpiga picha kuwa mwenye kazi yake, lakini ukishasaini kuigawa umeigawa. Soma kipengele cha haki kabla ya kipengele cha zawadi. Yapo mashindano ya wazi ambayo yanakueleza mapema, kama Wiki Loves Africa, lile la watu wa Wikipedia, lililoanza 2014: picha yako inaingia kwenye leseni huria, yeyote anaweza kuitumia hata kibiashara, ila akutaje. Mimi niliingia 2017 mada ilipokuwa watu kazini. Sikushinda, lakini nilijua natoa nini.

Kadi Imejaa:
Mwezi wa nane wa twiga nadhani ninao nyumbani. Picha nzuri sana mkuu.

Tripodi ya Mbao:
Ahsante, ichane.

Ngalawa Mbili:
Kabla sijasahau, wageni wa kupiga picha mtaani kwa kundi: pitieni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa mpate barua. Sisi askari alitusimamisha karibu na daraja tukafuta kadi tatu. Na msipige picha saa sita mchana. Machi na Oktoba Dar jua linapita utosini kabisa, kila mtu anatoka na macho ya shimo.

Mleta mada:
Namalizia kama nilivyoahidi.

Nilirudi Feri nikapiga mkono tu, kijiko, kovu, samaki, na +1 kama mzee anavyosema. Mada ya mwezi ule ilikuwa "Moto", nikawa wa pili. Klabuni tuna sheria, ukimpiga mtu unamrudishia picha. Nikachapisha nzuri, nikaiweka kwenye bahasha, nikampelekea.

Akajifuta mikono, akaifungua. "Ya nani hii?"

"Yako mama."

Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Mimi nina mkono tu? Niwapelekee wajukuu mkono?"

Akaita jirani yake ashike kijiko. Akavua aproni, akatoa khanga mpya kwenye mfuko, akajitanda, akasimama wima kando ya karai, mikono chini, hacheki. "Haya, sasa piga mtu." Nikapiga. Kila kitu kimo: karai, ndoo ya bluu, wateja, hadi paka. Ameipitisha kwenye lamineti, ameitundika kibandani kwa waya.

Wiki iliyopita mzee wetu wa manila alipita pale kununua changu. Akasimama mbele ya ile picha, akauliza nani kapiga. Mama akamwambia, "Kijana mmoja hivi. Mwanzoni alikuwa hajui."