Kocha wa ngumi naulizia: kijana wangu anaingia kizimba cha MMA, usiku wa pambano kona inafanyaje?

Jabu wa Manzese:

Habari zenu wakuu. Mimi ni kocha wa ngumi hapa Manzese, kona nimezisimamia sana. Kuna kijana wangu, ngumi anazijua, akaenda kujichanganya na wale vijana wa jiu-jitsu na mieleka, sasa kapata pambano la kulipwa la MMA, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, huko Johannesburg, uzito wa kilo 65.8, raundi tatu. Promota katoa tiketi mbili, ya kijana na ya mtu mmoja wa kona. Mwalimu wake wa mieleka ndiye angefaa, ila pasipoti yake imeisha muda. Kijana anasema niende mimi.

Sihitaji kufundishwa kufunga bandeji wala kuziba mpasuko. Nataka kujua kinachotofautiana na ngumi, maana mambo ya usiku ule hayasomwi YouTube. Na hili la taulo: ni kweli huko halitupwi?

Chizi wa Konde:

Mkuu tofauti ni moja tu. Kwenye ngumi ukidondoka unahesabiwa, kule unafuatwa hukohuko chini 😂

Mzee wa Kona:

Jabu, salaam kutoka Joburg. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilikuja huku kama bondia, siku hizi asubuhi nafundisha watu wa maofisini wanaotaka kupunguza kitambi, jioni watoto, na katikati ya hapo ndiyo wapambanaji. Wapambanaji hawalipi kodi ya nyumba, vitambi ndivyo vinavyolipa. Nakwambia mapema ili usije na hesabu za hela: mikataba mingi ya mapambano madogo inagawanywa nusu ya kupanda kizimbani na nusu ya kushinda, na kawaida kocha anachukua kama asilimia 10 ya kile kinachoingia mkononi mwa kijana. Akipoteza, fungu lako litaishia kwenye chakula cha uwanja wa ndege.

Huyo Chizi anatania lakini kagusa penyewe. Bondia wako akidondoka, refa anahesabu, na wewe unapata zile sekunde nane za kumwangalia macho na miguu. Kizimbani hupewi hata moja. Anakaa chini, mwenzake anamrukia, na makonde sita yanaingia wewe bado unatafuta pa kuweka ndoo. Kwa hiyo uamuzi wa kumtoa uufanye kabla hamjaondoka Dar. Mimi nakaa na mpambanaji wangu, wawili tu, bila rafiki wala mchumba, namwambia: ukiwa chini ukaacha kujitetea, ukajikunja tu, nakutoa, na hutanilaumu. Anayekataa sharti hilo atafute mtu mwingine wa kumshikia ndoo. Wapo waliokataa, na sikwenda.

Taulo sasa. Uzio wa kizimba unakaribia kimo cha mtu, na refa muda mwingi kainama anatazama chini. Unaweza kulirusha likatua nyuma ya mgongo wake asilione. Kila mahali wana utaratibu wao, wengine wanakubali taulo, wengine wanataka umwambie msimamizi anayekaa kwenye kona yako naye amwite refa. Uliza kwenye mkutano wa kanuni, na uliza tena refa akija chumbani kwenu kabla ya pambano. Usione haya kuuliza mara mbili.

Kwenye mkutano huohuo uliza kuhusu viwiko na magoti. Kanuni za pamoja za MMA zilibadilishwa Novemba 2024. Kiwiko cha kushuka wima, kile kilichokuwa haramu miaka yote, kikaruhusiwa. Na mtu aliyeweka kiganja chini hahesabiki tena kuwa yuko chini. Zamani vijana walikuwa wanagusa sakafu kwa mkono mmoja ili wasipigwe goti la kichwa, na walimu wengi waliwafundisha hivyo. Sasa hao wanaokota magoti. Ila si kila chama kimezipokea kanuni mpya kwa wakati mmoja, ndiyo maana nasema uulize, usikisie.

Bandeji unasema unajua. Sawa, lakini glovu hizi ni za aunsi 4, vidole vipo nje, wewe umezoea za aunsi 8 na 10. Ukifunga kama unavyofunga bondia, glovu haivaliki vizuri, na ikivalika kijana hawezi kushika. Nikimaliza kufunga namwambia anikamate kifundo cha mkono anivute kweli, kisha afungue vidole, kisha akunje ngumi. Kidole gumba kikifa ganzi au mkono wangu ukimteleza, nakata zote naanza upya, hata kama msimamizi amesimama pale anaangalia saa. Yeye ndiye atakayeweka saini juu ya tepu, na akishasaini huruhusiwi kugusa.

Vaselini ni usoni tu, na hapo napo kidogo. Ukimaliza kupaka futa mikono yako kwenye taulo kabla hujamgusa mabega. Pambano la UFC, ile promosheni kubwa ya MMA ya Marekani, kati ya Georges St-Pierre (GSP) na BJ Penn, Januari 2009, lilizua kelele kubwa kwa sababu ya mtu wa kona aliyetoka kupaka uso akaenda kumgusa mwili. Kwenye mieleka mwili wenye mafuta haushikiki, kwa hiyo wapinzani wanaangalia mikono yako kama mwenye duka anavyomwangalia mtoto karibu na pipi.

Kitakachokusumbua kuliko vyote ni kusubiri. Pambano lililotangulia lenu linaweza kuisha kwa sekunde 20 au likaenda dakika 15, ukiacha mapumziko yake. Ukimpasha moto mapema, anapoa. Ukichelewa, mtu wa promosheni anafungua mlango anasema "ninyi, sasa hivi" na kijana bado mkavu. Mimi napasha mara mbili. Ya kwanza, mapambano matatu kabla ya letu, mpaka jasho litoke, halafu namvika sweta na kofia namkalisha. Ya pili ni fupi, pambano la kabla yetu likianza: anapiga pedi kidogo, anajaribu kunibeba mara mbili tatu, tunasukumana ukutani, basi. Pedi za kelele za kuwafurahisha wenye kamera usimpigishe, anaacha nguvu chumbani. Na simu yake ishike wewe. Wiki nzima watu wanamuomba tiketi, wengine wanamwambia wamembetia. Siku ile zima kabisa.

Atakwenda chooni mara nyingi, anaweza hata kutapika. Usimfanyie mkutano. Mpe maji ya kusukutua, endelea na kazi zako, akuone umetulia unakata tepu.

Dakika moja ya mapumziko: toa muda wa kufunguliwa mlango, kuweka kigoda, na zile sekunde za mwisho mnapofukuzwa. Una kama sekunde 40 za kufanya kitu. Za kwanza mwache apumue, weka barafu shingoni, mwangalie. Kisha mwambie mambo mawili, yasizidi hayo. Watu wanadhani kocha anabuni ujanja pale. Tazameni Ngannou na Gane, wale wa uzito wa juu wa UFC, Januari 2022 kule Anaheim, Marekani. Raundi mbili za kwanza Gane anamchezea kwa miguu. Ya tatu, mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa konde moja akaanza kumbeba mwenzake na kumlaza, akashinda kwa pointi huku goti lake bovu. Na kona ya Gane alisimama Fernand Lopez, kocha aliyemlea Ngannou mwenyewe Paris, aliyemjua nje ndani. Mpango wa namna hiyo hauzaliwi juu ya kigoda. Kona inakumbusha tu kilichokwisha kufanyiwa kazi kwenye zulia. Kwa hiyo kama kijana wako hajafundishwa kuinuka kutoka chini, usimpigie kelele "inuka", utamchanganya bure.

Mwisho, hewa. Joburg ipo kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ninyi mko ufukweni. Raundi ni dakika tano, si tatu. Kama promota anaweza kuwaleta wiki mbili kabla, mng'ang'anie. Nimewaona vijana wa pwani raundi ya kwanza simba, ya pili wanatafuta pumzi kwa mdomo, kinga ya meno inaning'inia.

sista_wa_zamu:

Shikamoo Mzee wa Kona. Naomba nichangie kwenye uzito maana naona wote mmeupita. Mimi ni muuguzi, kaka yangu anacheza kickboxing, nimeona wanachojifanyia.

Jabu, kijana wako ana kilo ngapi leo? Akiwa na 70 wiki mbili kabla inawezekana. Akiwa na 74 mwambie promota ukweli, mtafute uzito mwingine. Kujifunika sweta tatu na kukimbia juani Dar, kujifungia bafuni na maji ya moto, kutema mate kwenye chupa, vyote hivyo vinatoa maji, si mafuta. Damu inakuwa nzito, figo zinaumia, moyo unakosa mpangilio. Desemba 2015 kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, alifariki Manila akiwa anajikausha kwa ajili ya pambano la ONE, promosheni ya MMA ya Asia. Alikuwa na miaka 21. Baada ya hapo ONE wakaanza kupima na mkojo kuona kama mtu ana maji mwilini.

Akikosa jasho wakati yuko kwenye joto, akianza kuongea ovyo, au akisimama anaona giza, hapo hamna tena habari ya mizani. Maji na hospitali.

Akishapima salama: ORS, anywe kidogokidogo, asigugumie lita nzima kwa mkupuo. Madafu mazuri pia, wali, ndizi, viazi. Pilau la nyama na mafuta subirini baada ya pambano. Na drip msimtundikie kienyeji hotelini: kanuni za kupinga dawa michezoni zinakataza zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 bila kibali cha matibabu.

Tino wa Kawangware:

Niaje wazee. Mimi ni mpambanaji, Nairobi, sisi hewa ya Joburg haitusumbui 😄

Naongea kama yule anayepigiwa kelele. Ukiwa umesimama katikati ya kizimba husikii kitu, ni kelele tu. Lakini ukibanwa kwenye uzio upande wa kona yako unasikia kila neno. Kocha, ongea hapo. Na uniambie cha kufanya, sio makosa yangu. "Mbona unashusha mkono" inanisaidia nini na nimelaliwa? Niambie "kiwiko ndani", "geuza nyonga", nimeelewa. Halafu niambie muda. "Dakika moja" ni maneno matamu sana ukiwa chini ya mtu wa kilo 66 anayekutafuta kabali.

Lingine, Kiswahili huko ni silaha. Mpinzani haelewi unaambiwa nini.

Chizi wa Konde:

Mpaka ukutane na Mkongo upande wa pili 😂😂

Tino wa Kawangware:

Hiyo imenipata, siongezi neno.

Jabu wa Manzese:

Asanteni sana, hasa Mzee na sista. Kijana nimempima leo jioni, kilo 71 na nusu kabla ya kula, na tuna wiki tano. Sista naona tupo pazuri au?

Mzee, nimekuelewa kwenye kumtoa. Nitakaa naye Jumapili. Shida yangu ni moja: kwenye ngumi namjua, naona hata bega likianza kuchoka. Akiwa chini mimi sijui ninachokiona. Anaweza kuwa amebanwa vibaya nikadhani anapumzika, au nikamtoa kumbe yuko salama. Nifanyeje kwa wiki tano?

sista_wa_zamu:

Wiki tano mpo pazuri. Apungue taratibu kwa chakula mpaka 69, maji yaguswe siku za mwisho tu, na mtu awe naye muda wote.

Mzee wa Kona:

Hilo ndilo swali la kuuliza. Kila siku akienda kwenye zulia nenda naye, kaa chini kabisa, usawa wa uzio, siyo kwenye benchi. Mwambie yule mwalimu asiye na pasipoti akae pembeni yako, na kila kijana anapolaliwa akuambie: hapa yupo salama, hapa bado, hapa amekwisha. Tazama mikono. Mkono wa chini ukiwa unapigania kitu, hata kama uso umefunikwa, huyo bado yupo. Kwenye kabali tazama kidevu: kikiwa kimeingia ndani ana muda, kikiwa kimetoka na mkono wa mwenzake umeshapita shingoni, una sekunde chache tu.

Pia mwambie promota akutafutie mtu wa pili wa kona hapahapa, huwa wanakubali kama hawalipi tiketi. Nikiwa sina pambano siku hiyo nitakuja mimi, wewe shika ndoo na macho ya ngumi, mimi nitaangalia chini. Nitumie tarehe inbox. Na bandeji njoo nazo, mkasi weka kwenye begi la chini wasije wakakunyang'anya uwanja wa ndege.