Niliweka alama kwenye "barua pepe". Kwa nini mnanipigia simu?

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo hili limenichosha kwa miaka mingi na wiki iliyopita lilinifikisha pabaya. Mimi ni mtu mzima mwenye usonji. Ninafanya kazi, ninalipa madeni yangu kwa wakati, na ninaweza kusimama mbele ya watu nikaeleza ninachokijua kwa saa nzima bila kubabaika. Nisichokiweza ni simu ya ghafla kutoka kwa mtu nisiyemjua, pamoja na ujumbe wa sauti unaoachwa baada yake.

Miezi miwili iliyopita nilijaza fomu ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Fomu hiyo, ambayo waliitunga wao wenyewe wala si mimi, ilikuwa na kipengele kinachomuuliza mwombaji angependa kuwasiliana nao kwa njia gani: simu, ujumbe mfupi au barua pepe. Niliweka alama kwenye barua pepe. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada, nami nikaandika: "Nina usonji. Siwezi kupokea simu bila kupewa taarifa mapema. Tafadhali niandikieni, nitajibu siku hiyo hiyo." Sidhani kama hapo pana fumbo.

Walinipigia mara tatu, zote kwa namba iliyofichwa. Mara ya kwanza simu ilikuwa juu ya meza, mlio nimeuzima, nami nikaitazama ikitetema na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni huku mikono yangu nimeikalia. Ilipotulia sikupata nafuu yoyote, kwa maana nafuu haiji mpaka nijue ni nani alikuwa akinitafuta na alitaka nini, na ile kazi niliyokuwa nikiifanya sikuirudia tena hadi jioni. Mara ya pili nilikuwa usingizini. Ya tatu sikuiona kabisa, na hiyo ndiyo iliyoacha ujumbe wa sauti.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde 41. Mhudumu anatamka jina langu vibaya, anasema kuna "kitu kidogo" kinakosekana kwenye maombi yangu bila kusema ni kitu gani, kisha anataja namba ya kumpigia kwa kasi ya mtu anayeitaja mara mia kwa siku. Niliusikiliza mara 11, kalamu mkononi. Tarakimu ya nne ni sita au ni tisa, na hadi leo sijui ni ipi. Atakayecheka acheke, lakini jambo hili lina sababu yake. Simu za kawaida tangu zamani hupitisha sauti zilizo kati ya mizunguko 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya "s" iko juu ya hapo. Mitandao mipya imepanua kiwango hicho, ila si kila simu inapita huko. Sasa, sita na tisa ni maneno yenye herufi zile zile zilizobadilishana nafasi. "S" ikififia, anayesikiliza anabaki kukisia. Wengi wanakisia na kupatia bila hata kujua kwamba wamekisia. Kwangu mimi, feni ya ofisini kwao, mtu anayecheka nyuma ya mhudumu na maneno ya mhudumu mwenyewe vinaingia vyote kwa uzito mmoja. Wala hili si la kujitungia: mwongozo wa uchunguzi wa matatizo ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, yaani DSM-5, unataja tofauti za namna hii katika hisi miongoni mwa dalili za usonji.

Nilijaribu kuipiga. Niliandika kwanza kwenye karatasi kila neno nitakalosema: salamu, jina, namba ya maombi, sababu ya kupiga, na jibu moja la akiba endapo wataniuliza tarehe niliyojaza fomu. Nilitembea chumbani kwa takriban dakika 40 kabla ya kubonyeza. Nikatumia sita. Alipokea mtu asiyehusika kabisa, akanijibu kwa ukali, na karatasi yangu haikuwa na mstari wa kumjibu mtu asiyehusika. Nikakata. Ile ya tisa sikuipiga, sikuwa na nguvu hiyo tena siku ile wala siku iliyofuata.

Wiki iliyopita ndipo nikapata uamuzi wao: "Tumejaribu kuwasiliana nawe mara tatu bila mafanikio. Maombi yako yamefungwa." Na mnajua uamuzi huo ulinifikia kwa njia gani? Kwa barua pepe. Anwani ile ile, kwenye fomu ile ile, ambayo kwa miezi miwili hawakuona haja ya kuitumia kuniambia kwamba ukurasa wa pili wa kiambatisho haukuonekana vizuri. Ningeutuma upya ndani ya dakika tano. Barua pepe ilikuwa haifai kwa kuniuliza swali, lakini ikafaa sana kwa kunifungia mlango.

Najua nitaambiwa nijizoeze. Nimejizoeza tangu ujana, na matokeo ya mazoezi hayo ni kwamba ninaweza kuzungumza kwenye simu kwa sauti tulivu kabisa kisha nikapoteza siku nzima iliyobaki. Katika mazungumzo ya kawaida, pengo kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni dogo mno, wastani wake ni kama moja ya tano ya sekunde, na watafiti wamelikuta karibu na hapo katika lugha nyingi zisizohusiana. Mimi nahitaji zaidi ya hapo ili kulipanga nililolisikia. Ana kwa ana, mtu ananiona nafikiri na ananisubiri. Kwenye simu, ukimya wangu unageuka kuwa hitilafu: "Haloo? Haloo? Unanisikia?" Na kila "haloo" inafuta nilichokuwa nimekwisha kukipanga, naanza upya. Huo si woga wa watu, wala si maringo.

Tena siko peke yangu. Mwaka 2021 Philippa Howard na Felicity Sedgewick, watafiti wa Uingereza, walichapisha utafiti waliowauliza watu wazima 245 wenye usonji kuhusu njia wanazopendelea kuwasiliana. Katika kutafuta huduma, barua pepe ndiyo iliyopendelewa, na simu haikupendwa.

Kuna wanaojitetea kwamba simu ni kwa ajili ya usalama, ili wahakikishe kuwa mwombaji ni mwenyewe. Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kila siku tunaonywa tusitoe taarifa zetu kwa mtu anayepiga simu kutoka namba tusiyoijua, halafu ofisi hiyo hiyo inapiga kwa namba iliyofichwa na jambo la kwanza inaloniuliza ni tarehe yangu ya kuzaliwa. Nani hapo anapaswa kuthibitisha kuwa yeye ni nani?

Wala sidai upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika kifungu cha 21 kwamba katika shughuli rasmi zikubaliwe na kurahisishwa njia za mawasiliano ambazo watu wenye ulemavu wamezichagua wenyewe. Wamezichagua wenyewe. Mimi nilichagua, tena kwenye karatasi yao, kwa wino wao.

Nimeandika barua ya kudai maombi yangu yafunguliwe upya na nimeambatisha nakala ya fomu, kipengele kile nimekizungushia mstari mwekundu. Ninachotaka humu ni jibu la wale wanaofanya kazi kwenye ofisi za namna hiyo, maana najua wamo. Mnapofungua faili la mtu kama mimi, lile chaguo la barua pepe linaonekana mbele yenu, au mfumo unawaletea namba ya simu peke yake? Kama halionekani, ni nani aliyeamua kwamba tuendelee kuulizwa? Na kama linaonekana, nielezeni mnalipitaje na kuanza kupiga. Nijibuni hapa hapa, kwa maandishi.