Mrejesho: sabuni yangu ya nazi iliyokuwa inachubua mikono

Habari zenu wapendwa, mtanikumbuka niliuliza mwezi wa pili mbona sabuni ya mche ninayotengeneza kwa mafuta ya nazi inachubua mikono. Basi kosa lilikuwa kikombe, nilikuwa napima kostiki (kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kwa kikombe badala ya mizani, ikawa inazidi. Aliyeniambia ninunue mizani ya jikoni Mungu ambariki sana. Sasa hivi kwa kilo 1 ya mafuta naweka kostiki gramu 174 na maji gramu 350, na namwagia kostiki kwenye maji, sio maji kwenye kostiki maana inaweza kuchemka ikakurukia usoni, glavu navaa na watoto wanakaa nje kabisa. Sufuria ya alumini nimeacha, kostiki inaila.

Nikishakata naipanga kwenye ungo juu ya kabati wiki 4 kama mlivyonisisitiza, na kweli mche umekuwa mgumu, ukiugonga unalia ko ko, povu jeupe zito na mikono laini. Sabuni dukani sinunui tena, naenda na kikapu changu cha ukili na karatasi ya vitu vinavyohitajika tu, hela iliyobaki nimenunua dumu la mafuta lita 5. Mama mkwe kaomba miche mitatu, nampelekea Jumamosi.