Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kuzamia na mkuki

PumziFupi: Leo nimepita Darajani nikamkuta kijana anajaribu miwani ya kuzamia, kaibandika usoni, anavuta kwa pua aone kama inashika. Nikacheka peke yangu. Miye nilianzia Nungwi, miwani ya kuazima inavuja, mkuki wa kipande cha nondo na mpira wa tairi. Mita nne tu masikio yakataka kupasuka. Siku nzima pono mmoja, naye nadhani alikuwa mgonjwa. Nyie je?

MwanaWete: Masikio usiseme.

MkojaniWaMjini: Ziba pua upulize pale unapoanza kushuka tu, usingoje maumivu. Mimi niling'ang'ania. Sikio likalia pwaa, maji baridi yakaingia ndani, kizunguzungu hicho, juu sikujui chini sikujui. Nikatoa mapovu kidogo, nikayafuata yanakokwenda.

Upondo: Meza mate tu, yatosha.

MkojaniWaMjini: Kichwa chini miguu juu, umeze mate? Labda weye.

Kaskazi77: Mnazungumza masikio, miye nimeopoa mtu. Nje ya kisiwa cha Fundo, Pemba, maji mafu, safi mpaka unaona mchanga. Binamu yangu kila kabla ya kuzama alikuwa anahema haraka haraka, ati anajaza pumzi. Miye namwangalia nikiwa juu ya maji, ami kakaa kwenye kidau. Binamu kamwona chewa kwenye tundu, kamfuata, kakaa huko mpaka nikaanza kuhesabu. Basi kapiga, anapanda. Tukatazamana. Imebaki kama urefu wa mtu mmoja na nusu afike, macho yakabaki wazi ila mwenyewe hayupo. Mkuki ukamtoka mkononi. Akaanza kurudi chini kwa mgongo, taratibu, hana hata papara. Nilimkamata kwa kaptula. Juu ami akapiga kelele: mvue miwani, mpulizie usoni, mwite jina! Nikamwita, nikampiga makofi mashavuni. Akavuta pumzi kwa mkoromo. Neno la kwanza: "Chewa yuwapi?" Mama yake hajui mpaka leo.

MwanaWete: Subhanallah.

Bi_Jambiani: Ndo maana sisi tunachokoa pweza wetu maji yakikupwa, miguu iko kwenye mwamba.

Upondo: Fundo imo hifadhini. Kama ni bunduki ya kuvulia, msitangaze.

Kaskazi77: Nimeandika mkuki. Soma.

PumziFupi: Ule uhemaji ndio uliomponza. Hauongezi hewa, unafukuza kaboni dayoksaidi, ile inayokufanya utamani kupumua. Mita 10 chini shinikizo ni mara 2 ya juu, kwa hiyo oksijeni iliyobaki mapafuni bado inasukumwa kwenye damu. Ukipanda nguvu yake inashuka, unazimika ukiwa umekaribia kufika. Na ukitoka, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini.

Upondo: Hayo ya vitabuni. Babu yangu kazamia mpaka uzeeni, hakuhesabu kitu.

PumziFupi: Alikuwa akizama peke yake?

Upondo: La, siku zote na kaka yake juu.

PumziFupi: Haya.

Makoongwe_1: Usile futari ukazama. Mihogo na nazi tumboni ni nanga.

MkojaniWaMjini: Sasa chewa aliishia wapi?

Kaskazi77: Kazama na mkuki. Wa ami. Bado nadaiwa.