Msaada: faili la Excel limegoma kufunguka, kompyuta inataka kukagua diski kila ikiwaka (Moshi)

BintiPasua
Habari za jioni wakuu. Laptopu yangu ya nyumbani, Windows 10, diski ya GB 500, inanisumbua. Kila ikiwaka inaleta maandishi kwamba diski ikaguliwe, inafika mahali inaganda. Nikiruka hayo maandishi naingia ndani vizuri, ila mafaili mengine yanasema yameharibika. Kuna moja la Excel nalihitaji sana. Naombeni programu ya bure ya kutengeneza faili lililoharibika. Kama huna la kusaidia pita tu, nina mawazo ya kutosha.

Mangi_Mtulivu
Pole dada. Dawa ni moja, weka SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani za kuzunguka. Mimi nilikuwa naiwasha mashine, nachemsha chai, nakunywa, ndiyo inafunguka. Tangu nimebadilisha nimesahau hayo mambo.

Chalii_wa_Sakina
Umeme huo. Huku kwetu Arusha ukikatika unarudi kwa nguvu mpaka taa zinapasuka. Mdogo wangu alipoteza desktopu na friji siku moja. Nunua UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Na diski ikigoma kabisa, ifunge kwenye mfuko uitie friza usiku kucha, inaamka.

FundiBodi
Chalii, ya friza acha kabisa. Ukiitoa, unyevu unaganda juu ya sahani za ndani, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake kwa umbali mdogo kuliko vumbi. Hapo umeua hata kilichokuwa hai.
Dada, programu baadaye. Nijibu matatu: inatoa sauti yoyote? Umeshaendesha chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski? Hilo faili lina nini, na nakala iko wapi?

BintiPasua
Sauti ipo kidogo tu, tik tik, si muda wote. Chkdsk niliiwasha na /r kama nilivyoona YouTube, nikalala, asubuhi nikakuta umeme ulikatika katikati. Betri haitunzi chaji. Faili ni mambo ya kazi tu.

FundiBodi
Mambo ya kazi yapi? Nauliza kwa sababu jibu linabadilika. Kama ni picha za mtandaoni, fomati uendelee na maisha. Kama hakipatikani kwingine, izime SASA.
Chkdsk /r inailazimisha diski isome kila sehemu, nzima na mbovu. Kazi yake ni kuweka mpangilio wa diski sawa, haijali faili lako limebaki zima. Isichoweza kukiunganisha inakikata na kukitupa kwenye folda ya found.000, kikiwa na jina kama FILE0000.CHK. Diski inayogonga haitengenezwi. Inanakiliwa kwanza, yote, halafu unahangaika na nakala.

Mama_Kiboriloni
Binti, mbona unajibu nusunusu? Daktari hatibu mgonjwa anayeficha panapouma.

BintiPasua
Haya, niseme. Ni hesabu za kikundi chetu cha akina mama, mimi ndiye mweka hazina. Mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote vimo humo. Tunavunja kikundi na kugawana Desemba kabla watu hawajaanza kupanda milimani kwa Krismasi. Nimeshaongea na fundi hapa mjini, amechukua nusu ya hela, kesho anakuja kuichukua aifomati halafu arikave, yaani ayarudishe mafaili. Amesema ndivyo inavyofanyika, na ametengeneza kompyuta nyingi tu mtaani kwetu. Wanachama sitaki wajue, maneno yatakuwa mengi kabla hata sijajua kama faili limepona. Kwa hiyo nilichouliza ni programu, mengine nimeshayapanga.

FundiBodi
Fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu, data inabaki. Ila tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri diski nzima. Huyo atafanya ipi, umemuuliza? Na kwenye diski inayougua, hata hiyo ya haraka inaandika vitu vipya, na vinaweza kuangukia juu ya unachokitafuta.

Mama_Kiboriloni
Mimi nimekuwa kwenye vikoba, hivi vikundi vya kuweka na kukopa, tangu wanangu wako shule ya msingi. Hela ya watu si siri ya mtu mmoja. Mwambie mwenyekiti leo, na katibu awepo.

Msema_Kweli
Ngojeni kwanza. Kikoba gani hicho hesabu zote ziko kwenye laptopu moja nyumbani kwa mweka hazina? Kila mwanachama ana kitabu chake kinagongwa mhuri wa hisa, na kuna sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Diski inakufa karibu na Desemba, wanachama hawajui, kuna fundi wa kuja kufomati kesho. Hii stori imetungwa. Au haijatungwa, hela imeliwa, na uzi huu ni wa kuwaonyesha wenzake kwamba alihangaika.

Mangi_Mtulivu
Duh. Sasa nimeanza kuusoma upya kutoka juu.

BintiPasua
Vitabu vya hisa vipo, kila mtu na chake, hisa hazina shida. Mikopo na faini ndivyo tulihamishia Excel kwa sababu riba ilikuwa inatugombanisha, na kikao ndicho kilichoamua, si mimi. Hela iko benki, saini tatu. Nimetumia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski mliyotaja kwenye nyuzi nyingine: rangi ya njano, mstari wa 05 umeandika 0000000000C0, C5 umeandika 000000000148. Sijui maana yake. Anayejua aniambie, anayetaka kunihukumu aje kwenye kikao.

Mangi_Mtulivu
148 si nyingi kwa diski ya GB 500.

FundiBodi
Si 148. Programu hiyo inaandika kwa mfumo wa kumi na sita, hiyo ni 328, na C0 ni 192. Yaani sekta (vipande vidogo vya diski) 192 diski imeshazihamisha kwenye akiba yake, 328 zimegoma kusomeka na zinasubiri. Hizo 328, kila moja kwa kawaida huhesabiwa baiti 512, jumla haifiki hata KB 170, lakini faili zima la Excel linaweza kukaa humo humo.
Msema_Kweli, anayetunga angekuja na namba anayojua maana yake. Mimi namwamini.
Dada, fanya hivi. Azima eksteno (diski ya nje) ya TB 1, isiwe imefomatiwa kwa FAT32 maana hiyo haipokei faili la zaidi ya GB 4. Washa mashine kwa flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, weka gddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, andika lsblk uone diski ipi ni ipi. Kisha ingia kwenye folda ya eksteno, uandike:
sudo ddrescue -d -n /dev/sda nakala.img ramani.log
Inachukua panaposomeka kirahisi, inaruka pagumu. Ikiisha unarudia na -r3 badala ya -n, ndipo inang'ang'ania palipobaki. Umeme ukikatika, ramani.log inaiambia iendelee pale pale. Hakikisha sda ndiyo ya laptopu.

Msema_Kweli
Sawa. Ila mwenyekiti ajue.

BintiPasua
Fundi nimemwambia asije. Mwenyekiti nikimwambia, mtaa mzima wa Pasua umejua kabla ya kulala. Nimemwambia katibu, na kumbe ana faili la Septemba nililomtumia WhatsApp.

FundiBodi
Ungeanza na hilo tungelala mapema. Litunze, usiandike juu yake.

BintiPasua
Mrejesho. Nakala imeisha, vipande vichache vimegoma. Faili nimelipata ila Excel bado inalikataa.

FundiBodi
Faili la Excel (.xlsx) ni zipu, yaani mafaili mengi yamefungwa pamoja. Chukua kopi, badilisha mwisho uwe .zip, fungua na 7-Zip, ingia xl halafu worksheets. Majina yako pembeni, kwenye sharedStrings.xml. Hilo likiwa limekufa utaona namba zisizo na wenyewe.

BintiPasua
Majina yapo! Shiti ya mikopo imetoka yote mpaka Novemba, nimelinganisha na la Septemba, zinakubaliana. Ya faini haifunguki kabisa.

Mama_Kiboriloni
Faini hutajwa kikaoni, binti. Mwombe katibu kitabu cha mihtasari, mkae wawili mziandike upya moja moja. Na mwenyekiti mwambie mkiwa na kitabu mkononi.