Impotini inajuaje kwamba imeshaingia ndani ya kiini?

Mwanafunzi, Nyegezi

Habari zenu wanajukwaa. Nasoma mwaka wa kwanza chuoni hapa Mwanza, na kuna jambo katika mada ya kiini cha seli ambalo halijanikaa sawasawa. Tumefundishwa kwamba molekuli ndogo hupenya zenyewe kwenye matundu ya utando wa kiini, ilhali protini kubwa, zinazozidi kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), hubebwa na protini za usafirishaji ziitwazo impotini. Mhadhiri alizifananisha impotini na kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, enzi zile kabla ya daraja. Mfano huo umenisaidia, ila kivuko kilikuwa na nahodha aliyeiona ng'ambo. Impotini haina macho. Inajuaje kwamba imefika na inapaswa kuachia mzigo, na kwa nini isirudi nao?

Mwalimu wa baiolojia, Ilemela

Umeuliza mahali penyewe hasa, kijana wangu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Mzigo wenyewe huwa na alama, yaani kipande kifupi chenye asidi amino za laisini na arginini kwa wingi. Alama iliyochunguzwa zaidi ni ya protini ya kirusi SV40: ina asidi amino saba tu, na ukiibadilisha laisini yake ya pili peke yake, protini hiyo hubaki nje kwenye saitoplazimu. Impotini alfa huishika alama, impotini beta huishika alfa, na beta ndiyo inayogusana na nyuzi za protini zilizojaa ndani ya tundu hadi kundi zima likapenya. Wengi hukosea hapa wakidhani kwamba upenyaji huo ndio unaokula nishati. Hauli, na kundi hilo laweza kwenda mbele au kurudi nyuma.

Kinachoamua mwelekeo ni protini ndogo iitwayo Ran, ambayo huwa imeshika ama GTP, molekuli ndogo yenye nishati, ama GDP, yaani kinachobaki GTP ikishavunjwa. Kimeng'enya kinachoiwezesha kuacha GDP na kuchukua GTP, yaani RCC1, kimeshikamana na kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, na kromatini iko ndani ya kiini. Kile kinachoisaidia kuivunja GTP kuwa GDP kiko nje. Matokeo yake Ran yenye GTP hujaa ndani na kuwa adimu nje, nayo inapoishika beta, beta hubadilika umbo na kuwaachia alfa na mzigo. Kwa hiyo kivuko chako hakina nahodha kabisa: huyumba huku na huko, na abiria wake huteremka pale tu anapopanda abiria mwingine ambaye Kigongo hapatikani, yuko Busisi.

Mwanafunzi, Nyegezi

Nashukuru sana, Mwalimu. Sasa, hao alfa na beta hurudije nje, na nishati hutumika wapi?

Mtaalamu wa maabara, Nyamagana

Kwa ruhusa ya Mwalimu, nijibu hili. Beta hutoka ikiwa bado imeshikana na Ran yenye GTP. Alfa haiwezi kutoka kwa njia hiyo, bali hubebwa na protini nyingine, CAS, nayo pia ikiwa na Ran yake. Wakishafika nje, GTP huvunjwa na wote huachana. Hapo ndipo nishati inapotumika, GTP moja kwa ajili ya beta na nyingine kwa ajili ya alfa. Ran iliyobaki na GDP hurudishwa ndani na protini NTF2.

Kama unataka ushahidi, mwaka 1999 Maxence Nachury na Karsten Weis walionyesha kwamba Ran yenye GTP ikiwa nyingi upande wa nje badala ya ndani, usafirishaji nao hugeuka. Tundu ni lile lile, impotini ni zile zile.

Mwalimu wa baiolojia, Ilemela

Umemaliza vizuri, ndugu yangu. Niongeze tu kwamba si kila mzigo humhitaji alfa, kwa maana baadhi ya protini za ribosomu hushikwa na beta moja kwa moja. Aidha, seli inapogawanyika na utando wa kiini kuvunjika, Ran yenye GTP huendelea kuwa nyingi kando ya kromosomu, na impotini huachia papo hapo protini zinazojenga nyuzi za kuzivuta kromosomu hizo, ingawa kwa wakati huo hakuna tena ndani wala nje.